Jani la Nyuma ya Choo

Mama yangu alinitumia jani bovu la mahindi kwa basi, ndani ya gunia la viazi vitamu. Alilifunga kwa ukurasa wa gazeti, na pembeni mwa ukurasa, pale penye weupe, akaandika kwa kalamu ya buluu: "Hili ni la nyuma ya choo. Ndilo limeugua kuliko yote. Kula vizuri." Nililipokea gunia kwa wakala wa mabasi karibu na soko la Muthurwa, Nairobi, nikalifungua papo hapo chini, watu wakinikwepa na kunisonya, kwa sababu nilikuwa na haraka ya lile jani kuliko viazi.

Sikuwa nimerukwa na akili. Ukungu ndio kazi yangu. Kwa miaka mingi nilikuwa fundi wa maabara katika chuo kikuu, nikiosha visahani vya utafiti wa watu wengine, hadi nikachoka kuosha, nikajiandikisha nami kusomea uzamifu, mvi zikiwa zimeshachungulia. Ukungu niliouchagua ni ule unaokausha majani ya mahindi. Mkulima yeyote wa kwetu magharibi anaujua: madoa marefu ya kijivu, yamechongoka huku na huku, yanaanzia majani ya chini na kupanda juu, na mvua ikizidi kidogo shamba linabaki kama limepitiwa na moto.

Swali langu lilikuwa la uzazi. Ukungu huu una njia mbili za kuzaa. Ya kwanza ni ya peke yake: unatoa mbegu za kupeperushwa na upepo, sisi wa maabara tunaziita spora, na kila moja ni nakala ya mzazi. Njia ya pili inahitaji wawili. Kuna ukungu wa aina ya kwanza na wa aina ya pili, na kinachozitofautisha ni kipande kimoja kidogo cha jeni. Ukiweka aina ya kwanza na ya kwanza pamoja, hata mwaka uishe, haziangaliani. Ukiweka ya kwanza na ya pili juu ya bua kavu, ukazipa giza, ubaridi kidogo na subira, baada ya wiki kadhaa bua linaota vijungu vyeusi vidogo kuliko punje ya wimbi, na ndani yake mna watoto wasiofanana kabisa na mzazi yeyote.

Mimi nilikuwa nimezima jeni moja katika aina ya kwanza. Nilishuku jeni hiyo ndiyo swichi, ndiyo inayosikiliza mwanga na njaa kisha kuamua kama ukungu uzae au uendelee kula. Nilipoizima, spora ziliisha kabisa. Sasa nilitaka kujua kama na ile njia ya wawili imekufa pia, na kwa hilo nilihitaji mchumba wa aina ya pili mwenye afya yake. Nilikuwa nimeokota majani katika mashamba mengi, nayo yote, moja baada ya jingine, yakatoka aina ya kwanza. Nikamlalamikia Mama kwa simu. Mambo ya jeni hakuyaelewa, lakini kukosa mchumba alikuelewa vizuri sana.

"Basi nitakuangalizia huku," akasema, kwa sauti ile ile ya siku zote aliponiuliza habari za ndoa.

Jani la nyuma ya choo lilitoka aina ya pili. Lilikuwa la pekee katika mkusanyiko wangu wote. Nilimpigia simu nikapiga kelele hata yeye akadhani nimepata bwana.

Alifariki msimu uliofuata, palizi ya pili haijaisha. Alilala mchana kwa sababu ya joto, hakuamka. Tulimzika, nikarudi Nairobi, na nilipofungua friza ya maabara nikakuta stima ilipotea nikiwa matangani na mirija yote ya akiba ikayeyuka, ikaharibika. Jani lenyewe la asili nilikuwa nimeshalichoma na takataka nyingine siku ile ile nilipoutoa ukungu ndani yake. Kilichobaki cha Mama mikononi mwangu kilikuwa ukurasa wa gazeti na kisahani kimoja cha plastiki.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo nilipoharibu. Kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwangu nimemfundisha, tena kwa ukali, kwamba ukungu haulishwi ovyo. Unauweka kwenye chakula hafifu, unauhamisha mara chache, na jani la asili hulitupi, unalikausha na kulifungia bahasha. Nimewahi kumtoa mwanafunzi machozi kwa kosa hilo. Lakini nilikuwa nimefiwa. Niliogopa kile kisahani kisikauke, kisife nikiwa nimelala. Kwa hiyo kila baada ya wiki mbili niliuhamisha kwenye chakula kipya, tena chakula cha mali, supu ya viazi na sukari tele. Nilikuwa nikifunika kifuniko nasema kimoyomoyo, kula vizuri.

Nao ukala. Ukawa mweupe, mnene, laini kama pamba ya duka la dawa, mpaka wenzangu wakausifu. Mwanzoni ulikuwa wa kijivu cheusi, rangi ya masizi, na rangi hiyo ndiyo ya spora. Niliona weupe ukiingia nikajiambia ni afya. Haki ya Mungu, mimi mwenye miaka yote ile ya kazi, nilijiambia ni afya.

Siku ya kulifungua jaribio langu ilikuwa Jumatano, saa tano asubuhi. Niliutazama kwanza uzao wa ukungu niliouzimia jeni pamoja na ule wa Mama. Bua lilikuwa tupu. Hakuna kijungu hata kimoja. Nikaruka! Jeni yangu ndiyo inayoongoza uzazi wote, wa peke yake na wa wawili. Nilishaanza kuiandika sentensi hiyo kichwani. Kisha nikafungua kisahani cha kulinganishia, pale nilipouoza ule wa Mama kwa ukungu wa kawaida ambao haukuguswa jeni. Hapo bua lilipaswa kujaa vijungu vyeusi. Nalo lilikuwa tupu vilevile, safi kama limeoshwa.

Nilikaa chini. Jeni niliyoizima haikuwa imethibitisha kitu. Tasa alikuwa mchumba. Nilikuwa nimemlisha mpaka akasahau kuzaa, kwa sababu hizo jeni za uzazi huamshwa na shida, na mimi sikumwachia shida hata siku moja.

Profesa wangu alikuja, akatazama, akanipigapiga begani. Si mtu mbaya. "Kuvu ni kuvu," akasema. "Nenda msimu ujao kaokote majani mengine, utapata aina ya pili nyingine."

"Hutaki kuelewa," nikamjibu, na nikatoka nje kabla sijamtukana mtu anayenisahihishia tasnifu.

Alikuwa amesema kweli. Kwa sayansi, aina ya pili yoyote ingetosha. Lakini mimi sikuwa nalia aina ya pili. Nilitaka ile, iliyoshikwa na vidole vya Mama nyuma ya choo, iishi na izae.

Ipo njia moja ya kuurudisha ukungu uliodekezwa. Unautoa kwenye sukari unaurudisha kwenye mmea ulio hai. Jani litapigana nao, nao utateseka, na ukiteseka zile jeni zilizolala zinaweza kuamka. Nilinunua mbegu za dukani, nikazipanda katika kibanda cha nailoni cha chuo, nikaimwagia miche ukungu wangu. Wapi! Mbegu za siku hizi zimezalishwa ziukatae ugonjwa huo. Nilipata vidoadoa vya manjano tu. Nilihitaji mahindi ya kienyeji, yale laini yanayougua haraka, kama ya Mama. Nikapiga simu ushago, kijijini kwetu. Shangazi akaniambia wote wamehamia mbegu za dukani, ya Mama iliisha.

Ilikuwa imebaki mahali pamoja tu hapa duniani, nami nilipajua. Baba yangu ni mstaafu wa reli, anakaa peke yake katika nyumba ya zamani ya kaunti huku Eastlands, ile tulimozaliwa. Siku ya mazishi alinyoosha mkono juu ya meko, akalitoa gunzi la mwisho lenye mbegu alilolitundika Mama kwenye moshi, akalitia mfuko wa koti, akapanda nalo basi. Kila msimu alikuwa akipanda. Kwanza alipanda kwenye kipande cha udongo kando ya ukuta, hadi wakachimba mtaro wa maji machafu hapo. Dumuzi, wale wadudu wa nafaka, wakamalizia akiba. Msimu ule alikuwa amebakiza miche minne, kila mmoja kwenye ndoo yake ya rangi, zimepangwa mlangoni. Wapita njia walimtania, "Mzee, hilo shamba lina ekari ngapi?" Naye hujibu bila kuinua kichwa, "Nne."

Nilipitia Soko la Burma nikamnunulia mbavu, nikaenda kwake mchana. Aliuona mfuko tu.

"Nyama ya Burma, na leo si sikukuu," akasema. "Sema unachotaka, mama."

Ananiita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Nikamweleza yote: friza, kisahani, sukari, bua tupu. Nilijaribu kumweleza na jeni. Alinisikiliza akitafuna polepole.

"Kwa hiyo umeudekeza," akasema.

"Nimeudekeza, Baba."

"Na sasa unataka kunigonjeshea mahindi."

"Miche miwili tu."

Mtu wa reli hupenda kukagua kabla ya kuruhusu. Alitoka akasimama mbele ya ndoo zake, mikono nyuma. Nilijua anachofikiria, maana mahindi nayo huhitaji wenzake. Mbelewele za mmoja ndizo zinazomwaga unga kwenye ndevu za mwingine, na mahindi mawili peke yake mlangoni, upepo ukikosea kidogo, yatatoa gunzi kibogoyo au yasitoe kitu. Nilikuwa nikimwomba ahatarishe mbegu ya mke wake ili niokoe ugonjwa wa mke wake.

"Chukua hizi mbili," akasema mwishowe, akagusa kwa kiatu ndoo za mwisho. Halafu akainama. "Lakini tazama, hili jani la chini lina doa."

Nilitazama. Lilikuwepo doa moja, dogo, la kijivu.

"Aa, hayo ni maji ya sabuni, Baba. Jirani amemwaga maji ya kufulia."

"Wewe ndiye daktari wake," akasema.

Nilikuwa na haraka. Nililikata jani lile, nikalitupa kwenye mtaro, nikazipakia ndoo kwenye pikapu ya muuza mitumba wa jirani. Sikutaka kuliona lile doa na sikuliona.

Kibandani nilifanya kila kitu kwa heshima. Niliusaga ukungu ule mweupe katika maji, nikaumimina kidogokidogo katikati ya majani machanga, nikafunika kwa karatasi ya nailoni ili unyevu usitoke. Chumba changu kiko mtaa wa Pipeline, ghorofa ya tano, dirisha limetazamana na ukuta wa jirani, na nguo hazikauki mpaka zinanuka. Huko ukungu hauhitaji kubembelezwa. Lakini kwa huu nilikuwa nikienda asubuhi na jioni kama niliyelaza mgonjwa hospitali.

Siku ya kumi na tatu madoa yakatokea. Marefu, ya kijivu, yamechongoka huku na huku. Nikakata vipande, nikavilaza juu ya karatasi yenye maji, na kesho yake nilipoweka jicho kwenye hadubini nikaona spora. Zilikuwa nyingi, nene katikati na nyembamba kwenye ncha, zimesimama juu ya vikonyo vyake. Nililia pale pale, machozi yakaloanisha hadubini ya watu. Nikampigia Baba.

"Umezaa!" nikamwambia. "Ukungu wa Mama umezaa!"

"Mungu ni mwema," akasema. Kisha akauliza, "Na mahindi?"

"Yamekufa, Baba."

"Sawa," akasema. "Ndiyo kazi tuliyoyatuma."

Sheria inasema upime. Hata ukiwa na hakika, unapima. Nilichukua spora moja moja kwa ncha ya sindano, nikaziotesha, nikatoa DNA, nikaipitisha kwenye jeli pamoja na vipimo vya aina zote mbili. Mstari wa aina ya kwanza hukaa juu, wa aina ya pili chini. Nilipowasha taa, mistari yangu yote ilikuwa juu. Nikadhani nimezungusha jeli. Nikarudia. Nikachukua spora nyingine kutoka mche wa pili, nikarudia tena. Zote juu. Hata moja haikuwa ya Mama.

Lile doa. Ukungu wa Eastlands, umetoka kwa mahindi ya mtu fulani kando ya reli, ukapeperuka, ukatua mlangoni kwa Baba kabla sijafika mimi na mbavu zangu. Baba aliuona kwa macho yake ya miaka zaidi ya sabini. Mimi, mwanafunzi wa uzamifu wa ugonjwa huo huo, nikasema ni maji ya sabuni. Na ule mweupe niliousaga haukuwa umeweza hata kulipenya jani. Ulikaa juu yake siku mbili tatu, ukafa njaa, chakula kikiwa chini yake.

Kilikuwa kimebaki kisahani kimoja cheupe kwenye friji. Nilikihamishia chakula hafifu, nikakingoja mwezi mzima, nikikilaza mara kwenye mwanga, mara gizani. Hakikubadilika rangi. Ijumaa moja nilikitia kwenye mtungi wa mvuke pamoja na visahani vingine vya kutupwa, nikafunga mfuniko, nikabonyeza kitufe mwenyewe. Wenzangu walifikiri nasafisha.

Jumapili nikaenda kwa Baba. Sikupita Burma. Nilimkuta mlangoni, asubuhi ya jua, amevunja tawi la mbelewele la mche mmoja analikung'uta juu ya ndevu za mwingine, taratibu, na mkono wa pili amekinga upepo. Alisema anafanya hivyo kila asubuhi tangu ndevu zitoke, kwa sababu hao wawili hawawezi kuachiwa upepo. Nikamwambia pale pale, nimesimama, kabla moyo haujanigeuka. Kwamba haukuwa wa Mama, na kwamba lile doa alilolitaja ndilo. Nikamwambia pia kwamba wa Mama nimeuchemsha mwenyewe, haupo tena, na kwamba miche yake miwili niliiua bure.

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Aliendelea kukung'uta mpaka unga ukaisha, akaweka lile tawi juu ya ukingo wa ndoo.

"Wewe ulidhani mama yako yumo kwenye kile kisahani," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Mimi nilidhani yumo kwenye hizi ndoo."

Akaingia ndani, akatoka na viti viwili. Tulikaa hapo mpaka jua likahamia ukuta wa pili, na sisi wote wawili tukalia bila kutazamana. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akilia. Kaburini hakulia.

Tasnifu niliimaliza baadaye. Niliokota majani mengine, nikapata aina ya pili katika shamba la mtu nisiyemjua, na jeni ile kumbe kweli huongoza njia zote mbili za uzazi. Sura moja ya tasnifu inaeleza jinsi ukungu ulivyoharibika kwa kulishwa kupita kiasi. Nimeandika kuwa kosa ni la mtafiti. Sikuandika sababu.

Mahindi yale mawili yalitoa gunzi moja lenye punje. Lilikuwa kibogoyo, punje kumi hapa, pengo pale, nyeupe na chache za zambarau kama tulivyozizoea tangu utoto. Baba alilipukuchua mapajani, akagawa mafungu mawili, fungu langu akalifunga kwenye kipande cha gazeti. Hakuandika kitu pembeni. Alinishikisha, akaufumba mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Mama yako angekuandikia kula vizuri," akasema. "Mimi nakwambia, hizi usile."